Mwitikiaji na Mwenye Wimbo

Iko hukumu moja ambayo wasomi wa fasihi huitoa upesi na kuiacha nyuma yao kama jambo lililokwisha. Hukumu hiyo yasema kwamba mtunzi ndiye mwenye wimbo, na mwimbaji ni mtumishi wake tu. Na kwamba mtu akiimba maneno yaliyotungwa na mwingine, hata akiyaimba kwa namna ya kuwatoa watu machozi, sifa yake ni sifa ya chombo, si ya fundi. Hukumu hiyo ina sura ya haki, walakini ndani yake mna dhuluma. Imewafukia wanawake wengi kuliko wanaume, kwa kuwa katika nchi nyingi wanaume waliishika kalamu mapema, na wanawake wakaachiwa kuitikia. Ushahidi wa dhuluma hiyo umo katika santuri moja iliyotoka Marekani mwaka 1970, na upo pia Kiomboi, katika mkoa wa Singida. Mashahidi hawa wawili wametengwa na bahari, lakini undugu wao ni wa karibu kuliko unavyodhaniwa.

Kiomboi ni makao makuu ya Wilaya ya Iramba, mahali palipoinuka, na magharibi yake limetandaa bonde la Wembere. Katika miaka ya 1920 walifika Iramba wamisionari wa Kilutheri wa Sinodi ya Augustana, kanisa lililoanzishwa Marekani mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Sweden. Walijenga makanisa na shule. Kiomboi wakaweka hospitali, na hata shule ya watoto wao wenyewe. Kwa hiyo Marekani si nchi ya hekaya kwa watu wa Iramba. Ilikuwa jirani, ikawatibu wagonjwa wao na kuwafundisha watoto wao kusoma. Lakini Marekani hiyo ilikuwa moja kati ya nyingi. Ilikuwa Marekani ya wakulima wa kaskazini, yenye tenzi zilizopangwa kwa sauti nne, ziimbwazo kwa utulivu na kitabu mkononi. Tenzi hizo zilikuwa nzuri, na Wanyiramba walizipokea wakazifanya zao.

Ilikuwako wakati huohuo Marekani nyingine. Wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika walikuwa na makanisa yao, na humo wimbo haukutoka kitabuni. Mmoja aliuinua, wengine wakaupokea. Aliyeuinua akaupinda mahali alipoona moyo wake unamwambia aupinde, na kusanyiko likamfuata kwa makofi na vilio vya furaha. Mtu wa Iramba aliyezoea ngoma ya kwao, ambamo mmoja huanza na wengine huitika, angalijiona yuko nyumbani katika makanisa hayo kabla hajaelewa neno hata moja la Kiingereza. Kanisa hilo halikuwa ndilo lililofika Iramba. Ni mzaha mmoja wa historia: Mwafrika wa Iramba alipewa uimbaji wa Ulaya kaskazini kupitia Marekani, ilhali uimbaji uliozaliwa na Waafrika huko Marekani ulimfikia kwa mlango wa nyuma, kwa redio na santuri, baada ya miaka mingi, nao ukiwa umekwisha badilishwa jina na kuitwa roki.

Katika kanisa la namna hiyo alizaliwa Merry Clayton, mjini New Orleans, tarehe 25 Desemba 1948. Jina lake lilitokana na siku hiyo ya Noeli. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Mahalia Jackson, malkia wa nyimbo za Injili, alikuwa mgeni wa kanisa hilo, na mtoto Merry alikuwa akikaa karibu naye. Haya si mapambo ya wasifu. Yaonyesha kwamba Clayton alikwenda chuoni, na chuo chake kilikuwa na mwalimu bora kuliko wote waliokuwako duniani katika fani ile. Msomi atakayesema kuwa alikuwa na kipaji tu bila elimu atakuwa amekosa kuitambua elimu kwa sababu haikuvaa joho.

Familia ilihamia Los Angeles, na Merry alipokuwa na umri wa miaka 14 alikwisha ingia studio kuimba pamoja na Bobby Darin. Mwaka 1963 alirekodi wimbo wa mapenzi, mwepesi na mchangamfu, uitwao “The Shoop Shoop Song”, haukushika. Mwaka uliofuata Betty Everett akaurekodi wimbo uleule, akapata nao sifa kubwa. Huo ukawa mwanzo wa desturi iliyomfuata Clayton maisha yake yote, yaani kufika kwanza na kuhesabiwa baadaye. Akaingia katika kundi la wanawake walioitikia nyuma ya Ray Charles. Humo alimpata mume wake, mpiga saksafoni Curtis Amy, na humo alikaza kazi ya mwitikiaji, kazi ambayo watu huidharau kwa sababu hawaijui. Mwitikiaji huingia studio asubuhi hajui wimbo, na adhuhuri hutoka akiwa ameutia uhai. Hulipwa ujira wa siku. Wimbo ukiuzwa mara milioni, faida yaenda kwingine.

Mwaka 1969 kundi la Kiingereza la Rolling Stones lilikuwa Los Angeles likikamilisha wimbo “Gimme Shelter”. Ulikuwa wimbo wa hofu, wenye dhoruba na vita ndani yake, nao ulihitaji sauti ya mwanamke. Clayton aliitwa usiku wa manane, akiwa mjamzito na amekwisha jiandaa kulala. Akaenda na nguo zake za kulalia na kitambaa kichwani. Aliimba mara chache tu. Katika kupanda kwa mwisho sauti yake ilipasuka, na mpasuko ule ukaachwa kama ulivyo, kwa maana hapana fundi angaliweza kuutengeneza ule kwa makusudi. Baada ya usiku huo mimba yake iliharibika. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kwa muda mrefu wimbo huo ulimwia mzito kuusikiliza. Ilipotoka santuri, mwezi wa Desemba 1969, jina lake lilichapwa kwa makosa: badala ya Merry liliandikwa Mary.

Waandishi wa roki wa Marekani na Uingereza wamekuwa wakikisimulia kisa cha usiku huo kwa nusu karne, na hukisimulia vizuri. Lakini wengi wao huishia pale. Humwacha mwanamke amesimama studioni na nguo zake za kulalia, kama kwamba hakuwa na kesho. Kesho yake ilikuwako. Mwaka 1970 kampuni ya Ode ilitoa albamu yake ya kwanza, iliyotayarishwa na Lou Adler, na jina la albamu likawa lilelile, Gimme Shelter. Huo ndio msingi wa shauri hili, wala si kisa cha usiku wa manane. Albamu hiyo ni kazi ya mtu mwenye fikra, na fikra yake yaweza kuonyeshwa.

Uanze wimbo wenyewe uliotoa jina. Katika santuri ya Rolling Stones mwanamume ndiye aongozaye, naye anasema kama mtu aliyeko dirishani akitazama hatari inayokuja. Mwanamke huingia baadaye, hupiga yowe, hutoka. Katika albamu ya Clayton yeye ndiye aanzaye, yeye aongoza, na wengine ndio waitikao. Mabadiliko hayo yaonekana madogo, lakini maana nzima imepinduka. Neno la kuomba hifadhi katika kinywa cha binti wa mchungaji si neno la habari za vita. Ni neno la Zaburi. Mungu aliye kimbilio amekuwa akiombwa kwa neno hilo tangu zamani za Daudi, na watu wa kanisa lake walikuwa na haki ya kuliomba kuliko vijana wa London. Mpangilio wa vyombo ni wa roki, na ala za kupuliza zinasukuma kwa nguvu. Mwendo wa sauti ni wa bluzi. Lakini mjengo wa wimbo, jinsi unavyopanda ngazi kwa ngazi na kurudia ombi bila ya kuchoka, ni mjengo wa ibada. Mwitikiaji amerudi kuudai wimbo ambao alikuwa ameupa roho, na ameonyesha ulikotoka.

Albamu yafunguliwa na “Country Road” wa James Taylor. Taylor aliuimba kwa upole na gitaa lake, wimbo wa kijana atakaye kuwa peke yake njiani. Clayton hayuko peke yake hata kidogo. Njia yake imejaa watu, na huko waendako kuna sherehe. Ama “I’ve Got Life”, wimbo wa mchezo wa kuigiza uitwao Hair, huo huhesabu viungo vya mwili kimoja kimoja kama mali. Waigizaji wa New York waliuimba kwa mzaha wa vijana walioasi wazazi wao. Msomaji na afikiri maana ya hesabu hiyo inapotoka kinywani mwa mwanamke aliyezaliwa New Orleans, mji ambao soko lake la watumwa lilikuwa kubwa kupita yote katika Marekani, na viungo vya watu vilikaguliwa humo na kutiwa bei. Hakuongeza neno. Alilolifanya ni kulitia kila neno uzito wa mwenye kudai mali yake, na mzaha ukakoma.

Hapo ndipo hukumu ya wasomi inapovunjika. Wao husema: nyimbo nyingi za albamu hiyo si utungo wake, basi sifa ni ya Taylor na Simon na wenzao. Lakini “Bridge Over Troubled Water” unatoa jibu ambalo si rahisi kulikwepa. Paul Simon alipata mbegu ya wimbo huo kutoka kwa mwimbaji wa Injili, Claude Jeter wa kundi la Swan Silvertones, aliyekuwa ametoa maneno yanayofanana nayo katika kuimba kwake. Simon mwenyewe alikiri deni hilo. Basi wimbo ulitoka kanisani kwa Weusi, ukapita mikononi mwa mtunzi mwenye kalamu, ukasajiliwa kwa jina lake. Clayton aliuchukua mwaka 1970 akaurudisha ulikotoka, kabla santuri ya Aretha Franklin ya wimbo huo haijatoka mwaka 1971 na kusifiwa ulimwenguni. Nani ni mwenye wimbo huo? Mwanasheria ana jibu moja. Mhakiki wa fasihi akiwa na hilohilo tu, hana kazi ya kufanya.

Yafaa kusema kwamba albamu haikukamilika kila pembe. Nyimbo mbili tatu za upande wa pili zimetiwa kama mtu ajazaye kikapu, na mahali pengine ala za kupuliza zapiga kelele pasipo haja, kana kwamba mtayarishaji aliogopa kuiacha sauti peke yake. Mtetezi asiyeona kasoro hasaidii kesi yake. Lakini albamu nyingi zenye kasoro kubwa kuliko hizo husifiwa leo kuwa nguzo za roki, na wenye kuzisifu hawaoni haya.

Kwa nini basi ilipita kimya? Wimbo wenye jina la albamu ulifika nafasi ya 73 tu katika orodha ya jarida la Billboard. Yamkini sababu ilikuwa ni mipaka ya soko. Redio zilizopiga roki zilitaka wanaume Weupe wenye magitaa. Redio za Weusi zilitaka mwanamke aimbe mapenzi kwa namna iliyokwisha zoeleka. Mwanamke Mweusi aliyeimba roki kwa pumzi ya kanisani hakuwa na kituo. Lou Adler na kampuni ileile ya Ode, mwaka uliofuata, walitoa Tapestry ya Carole King, iliyouzwa kwa mamilioni. Na Clayton yumo ndani ya Tapestry, nyuma, akiitikia. Mwaka 1974 sauti yake ilisikika tena nyuma ya Lynyrd Skynyrd katika “Sweet Home Alabama”, wimbo wa kuitetea Kusini ileile ambayo watu wake walikuwa wakiikimbia. Ilimpasa Marekani kungoja hadi mwaka 2013 ndipo ikamtazama usoni, kwa filamu ya kumbukumbu juu ya waitikiaji, 20 Feet from Stardom, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwezi wa Juni mwaka huohuo alipata ajali ya gari, akakatwa miguu yote miwili. Alisimulia kwamba alipoambiwa habari hiyo aliuliza kama sauti imedhurika. Alipojibiwa kuwa haikudhurika, aliimba. Albamu aliyoitoa mwaka 2021, Beautiful Scars, ni ya Injili waziwazi.

Wako watu wa kanisa watakaosema kwamba binti wa mchungaji kuimba roki ni kukitoa kilicho kitakatifu na kukitupa sokoni. Hoja hii haikuanza leo, nayo imesikika hata katika mkoa wa Singida kila gitaa la umeme lilipotaka kuingia kanisani. Jibu lake ni fupi. Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, mtoto wa mama mhubiri, alipiga gitaa la umeme na kuimba Injili kabla vijana walioitwa waanzilishi wa roki hawajashika gitaa. Naye alitiwa katika jumba la heshima la roki mwaka 2018, miaka 45 baada ya kufa. Kanisa halikwenda kuazima roki sokoni. Soko ndilo lililoazima kanisani, wala halikurudisha.

Na sasa kesi irudi Iramba. Kwa miaka mingi Radio Tanzania ilikuwa redio pekee ya taifa Tanzania Bara, na kwaya zilikuwa sehemu kubwa ya nyimbo zake. Kisha zikaja kanda za kaseti, na kila usharika wenye uwezo ukatamani kuwa na kanda yake. Msomaji azichukue kanda hizo aangalie maganda yake. Aghalabu atakuta jina la kwaya, jina la usharika, na jina la mwalimu wa kwaya aliyetunga. Mwanamke aliyeinua wimbo, ambaye sauti yake ndiyo iliyowafanya watu wainunue kanda, hayumo. Ni “soprano”. Katika kwaya za akina mama ambamo hata kiongozi ni mwanamke, jina lililotangulia ni la kikundi, na la mtu mmoja mmoja limeachwa kwa kuwa ati si adabu mama wa kanisa kujitangaza. Adabu hiyo haimzuii mwalimu wa kwaya.

Hata walioupenda muziki wa Kiafrika kwa dhati walianguka katika shimo hilo. Howard S. Olson, mmisionari kutoka Marekani aliyeandika tasnifu juu ya lugha ya Kinyaturu na kufundisha Makumira, alifanya kazi kubwa ya kukusanya mahadhi ya nchi na kuyaingiza katika ibada za Kilutheri wakati wengine walipoyaogopa. Anastahili shukrani. Wimbo wa Pasaka alioutunga Bernard Kyamanywa mwaka 1966 umefika katika vitabu vya makanisa ya ng’ambo, na jina la mtunzi limo. Lakini mahadhi mengi katika vitabu vya namna hiyo huandikwa kuwa ni ya asili. Neno “asili” ni zuri, ila asili haina koo. Kila mahadhi ya asili yaliyofika kitabuni yalifika kwa sababu mtu fulani aliyaimba siku fulani mbele ya mtu mwenye karatasi, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke.

Msomi wa Kiswahili hana udhuru katika jambo hili, maana mfano anao nyumbani kwake. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu kabla ya kuimba, ambaye hakupata masomo ya shule, alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri za Kiswahili za kwanza kupata sifa Afrika Mashariki nzima. Si yote aliyoyaimba yalikuwa utungo wake. Shaaban Robert, aliyekuwa mtunzi kwanza na mwisho, na ambaye angaliweza kuwa na wivu wa kalamu kuliko wote, hakusema kuwa Siti ni chombo tu. Alimwandikia wasifu, uliochapishwa mwaka 1958, akamweka mahali pa watu wakubwa. Mwandishi bora wa nathari ya Kiswahili aliona kwamba maisha ya mwimbaji ni jambo la fasihi. Waliokuja nyuma yake wameusifu wasifu huo, wakaufundisha, wakautungia mitihani, kisha wakakaa bila ya kuandika wa pili juu ya mwimbaji wa kanisani kama vile bara halina sauti.

Sheria imewatangulia. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, haikuridhika na mtunzi peke yake. Kwa neno “haki shiriki” ilimtambua pia mwimbaji na mpigaji kuwa na haki katika kilichorekodiwa. Bunge, ambalo halidai kuwa na wajuzi wa ushairi, lilikubali kwamba anayeuimba wimbo ameufanyia kazi ya kulindwa. Lakini haki hiyo haidaiwi na mtu asiye na jina. Mama wa Kiomboi aliyeongoza wimbo katika kanda ya miaka ya 1980, akisikia sauti yake leo katika simu ya mjukuu wake, aweza kusema “huyo ni mimi”, na asiwe na karatasi hata moja ya kumsadiki.

Kazi ya kufanya yajulikana, wala haihitaji fedha nyingi. Vyuo vikuu vina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na wengi wao hupewa kuchambua riwaya zilezile kumi. Wapelekwe Kiomboi, Kinampanda, Ruruma na Iambi, wakiwa na kanda za zamani na chombo cha kuzipigia, wakae na wazee wa kwaya, na kwa kila wimbo waulize swali moja: nani aliinua hapa? Wayaandike majina kwa usahihi, herufi kwa herufi, jina la ubatizo na jina la ukoo, na usharika, na mwaka. Clayton alipotezewa herufi moja, nayo ikasahihishwa baadaye kwa kuwa sauti yake ilikuwa na jina la karibu la kurudishiwa. Za Iramba hazina hata jina lililokosewa. Walioziimba nyimbo hizo wakiwa wasichana katika miaka ya 1960 wamekwisha pita miaka sabini, na kila mwaka wachache wao huzikwa kwa wimbo unaoinuliwa na mwingine.